Mahamri Yenye Mchanga

Mwili wa mzee Nyasani ulionekana saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumapili ya tarehe 14 Agosti 1949, chini ya genge la Manga. Aliyeuona ni Kemuma, mama jirani aliyekuwa akishuka chemchemini na mtungi wake. Kwanza hakupiga yowe. Alidhani ni mlevi aliyeshindwa kupanda mlima akaamua kulala, akawa anatafuta maneno ya kumsuta. Alipokaribia akaona kichwa kimelalaje, na nzi wamekwisha kufika kabla ya watu. Ndipo akautupa mtungi na kupiga yowe lililosikika hadi sokoni juu.

Ubah alilisikia akikunja mswala wake. Alikuwa mgeni pale bomani kwa marehemu, na mgeni haulizi kila kelele ya wenyeji, lakini yowe lile halikuwa la kuulizwa. Alitoka nje bila viatu.

Huyu Ubah alikuwa na hoteli mjini Kisii, nyuma ya msikiti, naye alijulikana kwa mambo mawili: mahamri yake na mdomo wake. Baba yake alikuja na misafara ya biashara akatulia mjini. Mama yake alikuwa Mgusii wa Suneka aliyesilimu alipoolewa. Mumewe alikwisha fariki. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane, na tumbo lake, kama alivyozoea kusema mwenyewe, lilikuwa tumbo jepesi: akiona nywele kwenye mchuzi, hali siku nzima.

Walikuja Manga wanne siku ya Jumamosi, marafiki wa mtaa mmoja. Alikuwepo Orpah, mwalimu wa shule, mpangaji wa Ubah na binti wa mzee Nyasani, ambaye kwa miezi mingi alikuwa akiwaambia wenzake, "Mnakaa Kisii kama mmefungwa kamba. Njooni muone kwetu, juu kabisa, mahali babu zetu walipojificha na ng'ombe wao wakati wa vita." Alikuwepo Joash, karani wa ofisi moja ya serikali, mchumba wa Orpah, kijana maridadi mwenye kalamu mbili mfukoni, aliyesema anataka kumsalimu baba mkwe kabla ya posa. Na alikuwepo Abdikarim, mdogo wake Ubah, mfanyabiashara wa ngozi, mwenye lori.

Lori lenyewe, jamani! Lilibeba ngozi mbichi siku sita za juma, na siku ya saba lilinuka hizo sita zote. Toka Daraja Mbili hadi mlimani Joash alijifunika pua kwa mkono wa sweta lake la kijani, na Abdikarim akamtania njia nzima kwamba karani akifa kwa harufu watamzika kwa magazeti ya serikali. Ubah naye alilikumbatia kasha lake la chakula, la mbao, lenye kifuniko cha bawaba. Lilikuwa na mahamri mia na ishirini, sambusa, na kitambaa cheupe alichokichemsha mwenyewe. Kasha hilo lilikuwa na sheria moja, naye aliitangaza kabla lori halijaondoka.

"Kasha langu hafungui mtu ila mimi. Anayetaka kula, aombe."

Walifika saa nne asubuhi. Abdikarim alichinja mbuzi kwa mkono wake ili Waislamu na Wakristo wale pamoja. Saa tisa mchana mzee Nyasani, na kofia yake ya manyoya na bakora yake, akawatembeza ukingoni. Hapo juu mji ni soko, kanisa, baraza la wazee na maduka manane, lakini chini ya nyasi kuna kuta za mawe za zamani, na kutoka pale unaiona nchi yote imelala chini yako hadi ziwani. Mzee alisimulia vizuri. Alipofika mahali fulani akasimama, akanyosha bakora kuelekea pango dogo chini kidogo ya ukingo.

"Pale ndani mchanga ni mweupe kama unga," alisema. "Popote pengine Manga udongo ni mwekundu. Vita vilipokuwa vikali, wafu hawakuweza kurudishwa makwao wakazikwe. Wakalazwa pale. Hatuingii."

"Ni wangapi?" Joash aliuliza.

Mzee alimtazama kidogo. "Mimi sikuwahesabu," akajibu.

Saa kumi na moja walirudi bomani, isipokuwa Joash aliyesema anabaki atazame ziwa. Alirudi saa moja jioni nyama ikitolewa motoni. Mzee hakuonekana, lakini hakuna aliyeshtuka. Alikuwa mjane, mwenye nyumba yake kando, na mara nyingi aliingia kulala bila kuaga.

Basi sasa ilikuwa Jumapili, na mzee alikuwa amelazwa juu ya ngozi uani. Walimpandisha saa mbili asubuhi, wanaume sita, kwa machela ya fito. Ubah alijilazimisha kutazama, kwa ajili ya Orpah. Kisogo kilikuwa kimepondwa, si kama mtu aliyedondoka kifudifudi, bali kama aliyepigwa na jiwe kutoka nyuma. Halafu kuna jambo jingine dogo aliloliona alipokuwa akimfunika: viganja vya mzee na magoti yake vilikuwa vyeupe. Nguo yote imejaa udongo mwekundu wa mteremko, lakini viganja na magoti ni vyeupe.

Saa tatu watu walikuwa wamejaa, na wengi hawajatia kitu mdomoni. Ubah akainuka. "Ngoja nikafungue kasha, nitoe mahamri yaliyobaki."

Joash alikuwa amekaa karibu na Orpah, amemshika mkono. Aliruka kama aliyekalia siafu.

"Kaa wewe na Orpah, Da Ubah. Nitatoa mimi."

Siku nyingine Ubah angemfokea. Lakini Orpah alikuwa amemwegemea begani, hana nguvu, basi akamwachia. Joash akaja na sinia, akagawa. Wazee wakala, kina mama wakala, Orpah akabembelezwa na mchumba wake mpaka akala mawili. Ubah akachukua moja, akauma, na meno yakasaga mchanga.

Alitema kiganjani. Chembe nyeupe, kavu. Aliona aibu hadi masikioni, kwa maana unga wake aliuchekecha mara mbili, siku zote, hata ukiwa mzuri. Akalitupa hamri lile kwa kuku na kusukutua kinywa kwa maji, akilaani mwenye duka aliyemwuzia.

Saa nne polisi wakafika: askari wawili na Sajini Shueib, mtu wa pwani, mrefu, mwenye daftari lililofungwa kwa mpira. Alikuwa amehamishiwa Kisii miezi mitatu tu iliyopita. Alikuwa mtu mwangalifu. Aliutazama mwili, akapima kidonda kwa vidole, akashuka hadi mahali ulipookotwa, akarudi na jasho.

"Huyu kapigwa kwanza, kisha kasukumwa," alisema. "Nani alimwona mwisho?"

Alianza na Abdikarim, kwa sababu mkono wa kanzu yake ulikuwa na damu.

"Damu hii?"

"Ya mbuzi, sajini. Nilichinja mimi jana saa tano. Ngozi yake ile pale uani, imewambwa."

"Ulikuwa wapi kuanzia saa kumi na moja?"

"Chini ya lori. Springi imekatika. Waulize watoto wa mji mzima, walikaa wakinicheka mpaka giza."

Sajini aliuliza, akahakikisha, akapiga mstari daftarini. Hapo Joash akakohoa kwa adabu, akaomba kusema kitu kandoni. Ubah alikuwa akipeleka chai, akasikia yote.

"Sikutaka kusema, sajini, maana ni kaka wa mchumba wangu," Joash alisema, na sauti ikamtetemeka vizuri sana. "Jana saa kumi na mbili kasoro robo nilikuwa nikitoka ukingoni. Nilimwona mzee akiingia nyumbani kwa Abner, mwanawe. Wakaanza kugombana mle ndani. Sikumwona akitoka."

Sajini akaenda nyumba ya Abner, akaingia na askari wake. Chini ya kitanda wakakuta kofia ya manyoya na bakora. Kofia ilikuwa na damu ndani.

Abner alikuwa mtu wa miaka thelathini, mnene wa mabega, mzito wa maneno. Mkewe alikwenda kwao na mtoto tangu Alhamisi. Alipotiwa pingu hakupinga.

"Kofia hii ni ya nani?" Sajini aliuliza.

"Hiyo kofia ni ya baba. Lakini mimi hapana jua imefika huko namna gani."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nilienda kurudisha ng'ombe. Peke yangu."

"Baba yako alikuja nyumbani kwako mkagombana."

"Baba hajaingia nyumba yangu toka nioe."

Sajini aliinua kalamu. "Umeoa lini?"

"Miaka saba."

"Miaka saba baba yako hajakanyaga nyumba yako, na mnakaa boma moja! Basi huo ugomvi ni mkubwa kuliko nilivyodhani." Akaandika. Wazee wawili wakapaza sauti pamoja, kwa Kigusii, kwa hasira. Askari akawasukuma nyuma. Kwa sajini hao walikuwa jamaa wakimtetea jamaa yao. Abner akatazama pingu zake. Utamwelezaje mtu jambo ambalo hujawahi kusikia mtu akilieleza?

Orpah alianguka chini. Jana alikuwa na baba na kaka. Sasa baba yuko chini ya shuka, na kaka akipelekwa Kisii atatoka huko kwa kunyongwa. Joash akamwinua, akamfuta machozi kwa leso yake safi. "Jikaze, mpenzi. Mimi nipo."

Ubah alisimama na birika mkononi. Alikuwa akimkumbuka babu yake wa Suneka, mvua ikimnyeshea uani, akimwita mwanawe atoke nje ampe jembe. Ubah alikuwa mtoto, akamwuliza bibi yake mbona babu asiingie tu. Bibi alimfinya sikio. Mtu akishaoa, nyumba yake na kitanda chake si pa kuonwa na baba yake. Baba havuki kile kizingiti, awe na njaa, awe na homa, awe na hasira ya kuua. Ni heshima na aibu kwa pamoja, na hakuna Mgusii wa nyumbani anayehitaji kukumbushwa.

Alimfuata sajini.

"Sajini, huyo mzee hakuingia mle ndani. Haiwezekani. Kwao baba haingii kwa mwanawe aliyeoa."

"Bibi, mila si ushahidi. Nina kofia yenye damu."

"Na aliyekwambia?"

"Ni karani wa serikali, tena mkwe mtarajiwa. Angepata faida gani?"

 Ubah aliondoka akisaga meno, na aliposaga meno akakumbuka mchanga.

Alisimama pale pale.

Mchanga mweupe. Viganja vyeupe. Magoti meupe ya mtu aliyepiga magoti mahali ambapo haingii mtu. Akageuka kumtafuta Joash. Ilikuwa saa nane, Abdikarim anapasha moto injini ili awapeleke askari na Abner Kisii, na Joash alikuwa akija kutoka kibandani na kasha la chakula kifuani, amelikumbatia, shingo imemtoka mishipa. Joash! Yeye ambaye jana aliwaachia wanawake wambebee hata mwavuli wake. Kasha ambalo halikuwa na kitu tena ila mahamri machache na kitambaa. Tena alikuwa amevaa shati tupu, baridi ya Manga inamtetemesha meno.

Ubah aliukumbuka mkono ule ukigawa mahamri kwenye sinia, ukimbembeleza Orpah: kula, mpenzi, kula la pili. Alikimbilia nyuma ya ghala akatapika chai, na alipomaliza chai akatapika maji, na alipomaliza maji akaendelea kukokomoka bure. Kisha akajifuta kwa ncha ya mtandio na kurudi.

"Sajini," alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "kabla hujaondoka na huyu mtu, nipe dakika kumi. Nikikosea, nikamate mimi kwa kukupotezea wakati."

Sajini akatazama saa yake. Ilikuwa nane na dakika ishirini. "Kumi," akasema.

"Joash, ndugu yangu, weka chini hilo kasha, lisikuchoshe. Hebu tuambie tena, sote tusikie. Mzee ulimwona akiingia kwa Abner?"

"Nimeshasema, Da Ubah. Usinitoneshe."

"Ulikuwa umbali gani?"

"Hatua thelathini. Mlango ulikuwa wazi."

"Uliona ndani?"

"Niliona vizuri. Mzee aliingia, akakaa kitandani, wakaanza kugombana."

Kemuma akajifunika uso kwa kanga. Mzee mmoja alitema mate chini, akageuka kutazama kwingine. Abner hakuwa amelia tangu asubuhi, si kwa baba yake, si kwa pingu. Sasa aliinua mikono yake iliyofungwa akajificha uso, na mabega yakaanza kumtikisika.

Joash akatazama huku na huku. Alikuwa ameona kwamba amekanyaga kitu, ila hakujua ni nini.

"Sajini," Ubah alisema, "usiniulize mimi. Chagua watu watatu hapa, unaowataka mwenyewe, uwapeleke kando mmoja mmoja. Waulize kama baba anaweza kukaa kitandani kwa mwanawe aliyeoa."

Sajini alikuwa mtu wa haki, lazima isemwe. Alichagua kikongwe mmoja, Kemuma, na mwanamume wa sokoni aliyekuja kutazama tu. Akawahoji nyuma ya ghala, kila mmoja peke yake. Wa kwanza alisema hapana. Wa pili alisema hapana na akakataa kabisa kurudia swali kwa kinywa chake. Wa tatu alimwuliza sajini kama kwao wanafanya mambo hayo. Sajini akarudi amebadilika uso.

"Watu hubadilika," Joash akasema haraka. "Mzee alikuwa na hasira..."

"Ulikulia wapi, Joash?"

"Hilo linahusu nini?"

"Mjibu," Sajini akasema.

"Nakuru. Baba alikuwa wa reli. Tulikaa landhi, zile nyumba za wafanyakazi."

"Vyumba vingapi?"

"Kimoja."

"Kimoja. Baba, mama, na kaka yako aliyeoa, pazia katikati. Uliwahi kutusimulia hotelini kwangu, ukicheka. Sikulaumu kwa hilo, shida ni shida. Ila ndiyo sababu hukujua. Mtu wa hapa angetaka kumsingizia Abner angeitupa ile kofia zizini, ugani, popote. Kichwani mwake isingeingia kuiweka chini ya kitanda. Ni wewe tu hapa, Mgusii wa jina, uliyeona nyumba ya mwana ni mahali pa kawaida pa baba kwenda."

"Maneno ya mpika mahamri!" Joash alicheka, na kicheko kikakwama. "Sajini, huyu mama amechanganyikiwa."

"Sweta lako la kijani liko wapi?"

"Nimelisahau mjini."

"Mjini?" Abdikarim akadakia kutoka kwenye lori. "Wewe! Jana ulijiziba nalo pua toka Daraja Mbili mpaka hapa, kwa sababu ya ngozi zangu!"

"Sajini," Ubah alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka chini, "fungua kasha langu. Mimi siwezi. Nikiliona tena nitatapika mbele ya wakwe za watu."

Joash alikaa juu ya kifuniko. Alikaa kweli, kama kuku juu ya mayai, mtu mzima na tai yake. Askari wawili wakamwinua kwa makwapa. Sajini akafungua bawaba. Juu kulikuwa na mahamri matano. Chini yake kitambaa cheupe, kimekaa vizuri, lakini kimejaa vumbi. Chini ya kitambaa, sweta la kijani limefungwa mikono kama furushi. Sajini akalifungua kwa ncha ya kalamu, na mafuvu mawili ya watu yakamtazama, meno yakiwa bado na mchanga mweupe wa pangoni.

Kulikuwa na watu zaidi ya hamsini uani, na nusu yao walikuwa wamekula asubuhi ile. Hapo hakukuhitajika maelezo. Mmoja alianza kutapika, wengine wakafuata, wazee kwa kina mama, wameshikilia fito za ua. Hata askari mmoja alitoka nje akarudi amejifuta mdomo. Sajini mwenyewe alikuwa amenywea chai yake matatu.

"Mzee alirudi kuangalia pango," Ubah alisema. "Lile swali lako, ni wangapi, lilimkereketa. Alikukuta ndani. Hakuja kupigana. Alipiga magoti ayarudishe uliyoyatoa, ndiyo maana viganja vilikuwa vyeupe na magoti meupe. Naye amepiga magoti, amekupa mgongo, ukampiga jiwe."

Joash hakukana tena. Pengine aliona haina maana, pengine alichoka kulibeba kasha. Alisema akitazama vidole vyake.

"Kuna Mzungu alipita mwezi wa Mei. Anakusanya vitu vya kale. Alisema anataka vichwa viwili, vya zamani, vya mahali panapojulikana. Akivipata ataniandikia barua niende kusoma Ulaya. Ulaya, Da Ubah! Nimekaa ofisini miaka sita nikipiga chapa barua za watu wanaokwenda. Mzee angenyamaza, mambo yangeisha. Nilimwambia, hawa wamekufa, hakuna anayewahitaji, hakuna hata anayejua majina yao. Alinigeuzia mgongo akaanza kufukia, kana kwamba mimi sipo."

"Ukaja mezani kwake ukala nyama," Sajini alisema.

"Nilikuwa na njaa," Joash akajibu, na katika yote aliyoyasema siku ile, hilo ndilo lililomchefua Ubah kuliko yote.

Pingu zikatoka mikononi mwa Abner zikaingia kwa mwenyewe. Sajini Shueib akamwendea Abner, akavua kofia yake ya polisi.

"Mimi niliingia kwako na viatu vyangu, na nikaandika uongo juu ya baba yako," alisema. "Ile karatasi nimeichana."

Abner aliitikia kwa kichwa tu. Kisha alilichukua lile sweta kwa pembe zake, na yale yaliyokuwa ndani, na wazee wanne wakamfuata kuelekea ukingoni. Hawakuita mgeni yeyote aende nao. Kasha Ubah alilipiga shoka mwenyewe, akalitia moto pale pale, na bawaba zake, na mahamri yake matano.

Lori lilipoondoka na Joash na askari, Orpah hakwenda kutazama. Alikuwa amechuchumaa kando ya ghala na beseni. Alinyosha ule mkono wa kulia, ambao Joash alikuwa ameushika tangu asubuhi, akausugua kwa sabuni ya mche na jivu kidogo, mgongo wa kiganja, kati ya vidole, mpaka ngozi ikawa nyekundu. Ubah alikuwa akimmiminia maji kwa kata.

"Aliniambia anakuja kumwona baba," Orpah alisema. "Nikamleta mimi. Kwa mkono huu."

Ubah akamwaga maji machafu, akateka mengine.

"Yatosha sasa, mwanangu?"

"Bado," Orpah akasema, akanyosha mkono tena.